Jua la Mwisho wa Shaaban

Alhamisi ya tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha Mwezi kilianza safari yake huko Amerika ya Kusini, kikavuka bahari ya Atlantiki, kikakipitia kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea, kisha kikaingia bara la Afrika na kulikata pande kwa pande. Jua lilikuwa likielekea kutua kilipofika Ziwa Tanganyika, katika sehemu yake ya kusini. Kwa hesabu ya Hijria zilikuwa siku za mwisho za Shaaban 1337. Waislamu wa Ujiji walikuwa wakingoja mwandamo wa Ramadhani, na Mwezi ule ule uliolifunika Jua alasiri hiyo ndio ambao, ukishazaliwa upya, ungewafungulia saumu yao siku mbili baadaye. Wavuvi wa dagaa nao walikuwa katika majira yao, kwani dagaa huvuliwa katika giza la mwezi, na Jua halipatwi isipokuwa katika giza hilo.

Mwandiga, kaskazini kidogo mwa Kigoma, ilikuwa nje ya ukanda wa giza kamili. Huko Jua lilimegwa sehemu kubwa lakini halikumezwa. Wala hakukuwa na mtu mwenye darubini kwenye pwani yote ile ya ziwa. Hata hivyo jina la ziwa hilo limo katika historia ya siku hiyo, na kwa sababu ambayo wengi hawaijui: pwani yake ya magharibi ilikuwa mojawapo ya mahali patatu palipotajwa kuwa panafaa kwa kulipiga picha Jua la 1919, picha ambazo zimepimwa, zikabishaniwa, zikapimwa tena, na katika zama zetu zikatiwa katika kompyuta.

Aliyefanya uchunguzi wa mahali pa kwenda alikuwa Arthur Hinks, mtu wa jiografia huko London. Alitaja kaskazini ya Brazil, kisiwa cha Príncipe, na magharibi ya Ziwa Tanganyika. Kamati ya Waingereza ya kupatwa kwa Jua ilikutana tarehe 10 Novemba 1917, vita vikiwa vingali vikiwaka, ikakata shauri la kupeleka safari mbili: Sobral katika Brazil, na Príncipe. Ziwa likaachwa.

Msomaji anayejua habari za Kigoma hatahitaji kuelezwa sana jinsi hali ilivyokuwa huko. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka huo huo vita vikazuka. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilishushwa majini mwaka 1915, na Julai 1916 ikazamishwa na wenyewe ili isitekwe. Mwisho wa mwezi huo Wabelgiji wakaingia Kigoma. (Meli hiyo ndiyo iliyoibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.) Majeshi ya von Lettow-Vorbeck yaliweka silaha chini huko Abercorn, karibu na ncha ya kusini ya ziwa, tarehe 25 Novemba 1918, miezi sita tu kabla ya kivuli kupita pande hizo. Siku ya kupatwa kwa Jua, Kigoma, Ujiji na Mwandiga zilikuwa chini ya utawala wa Wabelgiji, na hali hiyo ikaendelea hadi Machi 1921. Wachukuzi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu. Nani angebeba vioo na mitambo ya darubini kutoka bandarini hadi pwani ya magharibi, na kwa mgongo wa nani?

Hata pasipo vita, palikuwa na kikwazo cha maumbile. Jua lililo chini karibu na upeo hutazamwa kupitia hewa nyingi, na hewa hiyo huipinda nuru na kuitikisa. Kazi iliyokusudiwa mwaka huo haikuweza kuvumilia mtikisiko.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Je, nuru ya nyota ipitapo karibu na Jua huvutwa na uzito wake ikapinda? Na kama hupinda, ni kwa kiasi gani? Tugawe nyuzi moja ya duara katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Kwa kuifuata kanuni ya Newton, nuru ipitayo ukingoni mwa Jua ilitazamiwa kupinda kwa sekunde 0.87, kwa nadharia mpya ya Einstein, sekunde 1.75, mara mbili yake. Upana wa Jua machoni petu ni karibu sekunde 1,900, basi kilichotafutwa hakizidi sehemu moja ya elfu ya upana huo. Katika darubini mojawapo iliyotumika, sekunde moja ya angani ilikuwa sawa na sehemu moja ya sitini ya milimita juu ya kioo cha picha.

Nyota haziwezi kuonekana kando ya Jua ila Jua likiwa limefunikwa. Mwaka ule, kwa bahati njema, Jua lilisimama katikati ya fungu la nyota zing'aazo liitwalo Hyades, majirani wa Kilimia. Watu wa pwani na wakulima wa bara wanamjua Kilimia na desturi yake ya kuzama pamoja na Jua mwezi wa Mei. Ndiyo sababu hiyo hiyo: mwezi wa Mei Jua hupita katika mtaa wao. Zikipigwa picha nyota zile wakati wa kupatwa, na zikapigwa tena usiku, miezi kadhaa mbali, Jua likiwa limehama, tofauti ya mahali pa nyota katika picha mbili hizo ndiyo jawabu.

Lakini picha za wakati huo zilipigwa juu ya sahani za kioo zilizopakwa utando wenye chumvi ya fedha, na sahani mbili hazilingani kamwe. Joto hutanua mtambo. Lenzi ikisogea kwa unene wa unywele, picha nzima hukua au hupungua, na nyota zote zitaonekana zimesogea kutoka katikati, kama ambavyo zingesogea kwa kuvutwa na Jua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nuru imepinda kiasi gani, sharti kwanza kujua kipimo cha sahani yenyewe: milimita moja ya kioo hiki ni sawa na kiasi gani cha anga? Huko ndiko kusawazisha vipimo, na ugomvi wote wa 1919 umo humo.

Príncipe walikwenda Arthur Eddington na Edwin Cottingham. Asubuhi ya siku yenyewe ilinyesha mvua kubwa. Mawingu yalitawala hata baada ya giza kuanza. Walipiga picha 16, na ni sahani mbili tu zilizotoa nyota za kutosha, tano kila moja. Wala hawakuweza kungoja miezi mingine ili wazipige nyota zile zile usiku, kwa kuwa palikuwa na tishio la mgomo wa meli. Ikawabidi watumie picha za sehemu nyingine ya anga, zilizopigwa Oxford na huko kisiwani, ili kujua kipimo cha mtambo wao. Matokeo yao: sekunde 1.61, na shaka ya 0.30 juu au chini.

Sobral walikwenda Andrew Crommelin na Charles Davidson, na anga lilikuwa nao. Walikuwa na darubini mbili. Ile kubwa ilitoa sahani 19. Ile ya pili, yenye lenzi ya inchi nne, ilichukuliwa kama akiba kwa shauri la padri mnajimu, Aloysius Cortie, ambaye mwenyewe hakupata nafasi ya kusafiri. Hiyo ilitoa sahani nane, na saba kati yake zilikuwa safi. Sahani za darubini kubwa ziliposafishwa usiku, wanaume wale waliona kwa huzuni kwamba nyota zilikuwa zimetawanyika kama wino kwenye karatasi mbovu. Walikishuku kioo kilichoakisi nuru kuiingiza katika darubini, kwamba kilipindishwa na joto la Jua. Walirudi Sobral mwezi wa Julai, wakazipiga picha nyota zile kabla ya alfajiri. Kisha vipimo vikafanywa Greenwich: lenzi ndogo ilitoa sekunde 1.98, darubini kubwa ilitoa 0.93.

Hapo pana jambo zito. Namba tatu, na moja kati yake ilikuwa upande wa Newton. Sir Frank Dyson, mnajimu mkuu wa Uingereza, aliipa ile ya darubini kubwa uzito mdogo sana, na tarehe 6 Novemba 1919 ikatangazwa London kwamba Einstein ndiye aliyesadikishwa. Magazeti yakafanya yaliyobaki. Baadaye wakatokea wanaouliza: je, sahani zile zilitupwa kwa kuwa ni mbaya, au ziliitwa mbaya kwa kuwa zilisema lisilotakiwa? Mwaka 1980 John Earman na Clark Glymour waliandika kwa ukali juu ya jambo hilo, na wengine wakawafuata, hata ikawa ni kama methali miongoni mwa wanaopenda kuwaumbua wataalamu.

Ni haki kusema kwamba ripoti ya 1920 haikuficha. Sababu imeandikwa wazi: hesabu ya 0.93 ilitegemea kwamba kipimo cha darubini kilibadilika kati ya Mei na Julai, na mabadiliko hayo yalikadiriwa kutoka picha zilizotawanyika zenyewe. Ikichukuliwa kwamba kipimo hakikubadilika, sahani hizo hizo hutoa 1.52. Ni kioo kile kile na nyota zile zile. Kilichobadilika ni kauli moja tu kuhusu rula.

Mwenye kuhakiki mashairi ya kale ya Kiswahili anaielewa hali hiyo. Alipokuwa William Taylor akizikusanya tungo za Muyaka huko Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na hata Hichens alipozichapisha mwaka 1940, kila nakala ilipitia mkono wa mtu. Mnukuzi anayesahau nukta siku zote ni rahisi kumsahihisha: ukishajua tabia yake, unazirudisha nukta zote. Mnukuzi anayebadili neno kwa kuwa lake ni tamu zaidi hana dawa, maana kosa lake limevaa nguo za ushairi. Darubini kubwa ya Sobral ilikuwa mnukuzi wa namna ya kwanza au wa pili? Mwaka 1919 hapakuwa na njia ya kujua kwa hakika.

Njia ilipatikana miaka sitini baadaye. Sahani za Sobral zilikuwa zimehifadhiwa, na mwaka 1979, katika kuadhimisha karne moja tangu kuzaliwa kwa Einstein, Geoffrey Harvey wa Greenwich alizipima upya kwa mashine iliyoweza kusoma mahali pa kila nyota kwa usahihi ambao jicho la 1919 halikuwa nao, na hesabu zikafanywa kwa kompyuta. Lenzi ndogo: 1.90. Darubini kubwa, ile iliyodharauliwa: 1.55, na shaka ya 0.34. Maana yake, sahani zile hazikuwa zimesimama upande wa Newton hata kidogo. Zilikuwa na kigugumizi tu. Dyson hakuwa na mashine hiyo, lakini uamuzi wake ulikuwa wa mtu aliyekijua chombo chake; na Daniel Kennefick, katika kitabu alichokitoa mwaka 2019, amemtetea kwa hoja zinazoridhisha kuliko za washitaki wake.

Sahani za Príncipe haziwezi kuulizwa tena. Hazijaonekana.

Mwaka 2019, karne ilipotimia, nakala ya sahani moja ya Sobral iliyokuwa imewekwa Heidelberg, Ujerumani, ilitangazwa ikiwa imepitishwa katika skana na kusafishwa: chembe za utando zikatulizwa, mikwaruzo na madoa yakaondolewa, na ulimi mkubwa wa moto uliokuwa ukiruka ukingoni mwa Jua siku ile ukaonekana kwa uwazi ambao hata Crommelin hakuuona. Ni picha ya kustaajabisha. Lakini isichukuliwe kuwa ni kipimo. Anayeondoa doa anaamua kwamba ni doa, na nyota hafifu juu ya kioo kikuukuu hufanana sana na doa. Kwa hiyo wenye hekima huweka faili mbili: ile ghafi, kama ilivyotoka katika skana, na ile iliyopambwa, wala hawaruhusu ya pili kuifuta ya kwanza.

Kazi ya 1919 ilihusu mahali pa nyota. Ipo kazi nyingine, ngumu kuliko hiyo, inayohusu mwangaza wenyewe wa Jua, na hazina yake kubwa moja iko ng'ambo ya bahari yetu. Katika milima ya Palani, kusini mwa India, kituo cha Kodaikanal kimelipiga picha Jua karibu kila siku tangu 1904, na sahani zake zimetiwa katika kompyuta. Baadhi zilipigwa kwa nuru nyeupe, zikionyesha madoa meusi. Nyingine kwa rangi moja tu ya zambarau itolewayo na kalisi, na hizo huonyesha mabaka mang'avu yanayoyazunguka madoa.

Tatizo ni kwamba utando wa fedha si karani mwaminifu. Nuru ikiongezeka mara mbili, weusi wa sahani hauongezeki mara mbili: mwanzoni hukawia, kisha hupanda, mwishowe hushiba na kugoma. Kila kiwanda kilikuwa na utando wake, kila mwaka dawa zake za kusafishia. Wapiga picha waangalifu walikuwa wakitia pembeni mwa sahani vipande vyenye nuru ya kiasi kinachojulikana, kama mfanyabiashara anayeweka jiwe la ratili kando ya mzani. Lakini sahani nyingi za kale hazina kitu hicho. Mwaka 2018 Theodosios Chatzistergos na wenzake walieleza njia ya kutokea. Sura ya Jua ina mwangaza mwingi katikati, nao hufifia kwa utaratibu kuelekea ukingoni. Mahali pasipo madoa wala mabaka, yaani katika Jua tulivu, utaratibu huo unajulikana, na wao wakauchukua kuwa haubadiliki mwaka hata mwaka. Basi kompyuta hutafuta kwanza ukingo wa duara na kitovu chake, huondoa mawingu na michirizi ya mtambo, hulitenga Jua tulivu, kisha huuliza: kwa weusi huu wa sahani, nuru gani ingetoa mfifio ule tunaoujua? Jua lenyewe limefanywa jiwe la ratili. Mwenye kupenda kubisha atasema kwamba huko ni kumpima mtu kwa shubiri yake mwenyewe, naye hatakuwa amekosea sana. Ndiyo sababu walilijaribu jambo hilo kwanza kwa picha za kisasa, zilizoharibiwa makusudi, ambazo jawabu lake lilikuwa likijulikana.

Kwa nini watu wa ziwani wajali? Kwa sababu waliwahi kuambiwa kwamba maji yao yanatawaliwa na madoa hayo. Mwaka 1923 C.E.P. Brooks alichapisha uchunguzi wa vina vya maziwa ya Victoria na Albert, akaonyesha kwamba tangu 1896 maji ya Victoria yalipanda madoa ya Jua yalipozidi na kushuka yalipopungua. Ulinganifu ulikuwa wa kushangaza. Haikupita miaka kumi ukavunjika. Na maji yalipokuja kupanda kupita kiasi, kati ya 1961 na 1964, Victoria na Tanganyika pamoja, kilele cha madoa kilikuwa kimekwisha pita tangu 1957 na 1958. Tangu hapo wapo waliolikana jambo lote, na wapo waliolifufua kwa sura nyingine. Ziwa Tanganyika nalo lina siri zake zisizohusu mbingu: lilipanda katika karne ya kumi na tisa hadi likabomoa kizuizi cha mto Lukuga mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yakatoka kuelekea Kongo, na pwani ya Ujiji ikarudi nyuma. Leo mnara wa mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 umesimama mbali na maji. Kisha katika miaka ya hivi karibuni, hadi 2024, maji yalirudi kwa kishindo, yakaingia katika nyumba za watu wa mialoni. Atakayetaka kuhukumu kati ya Jua, mvua na kizuizi cha mto, sharti awe na habari za Jua za karne nzima zilizosawazishwa kwa rula moja. Vinginevyo ataona ulinganifu katika kosa la utando.

Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa tena pande hizo, mara hii kwa umbo la pete. Kivuli kilipita tena kusini mwa ziwa na kuelekea Mbeya, na watu walimiminika Rujewa kulitazama. Simu zilikuwa mikononi. Picha zilizopigwa siku hiyo hazina idadi, na karibu zote zina kasoro moja, kwamba simu hujirekebishia mwangaza yenyewe bila kuandika imefanya nini.

Mwaka 1919 Mwandiga haikuwa na simu wala sahani. Lakini Jua linapomegwa, kila upenyo kati ya majani ya mti huwa tundu la kamera, na chini ya mwembe au mchikichi ardhi hujaa hilali ndogo ndogo, mamia kwa mamia, kila moja ikiwa ni picha ya Jua. Zikipigwa na Jua la jioni, lililoinama, hilali hizo hurefuka kama mitumbwi. Alasiri ile ya mwisho wa Shaaban, kama anga la Mwandiga lilikuwa wazi, zilikuwako pale chini ya miti kwa muda, juu ya udongo mwekundu, zikigeuka taratibu kadiri Mwezi ulivyosogea, hadi Jua lilipotua nyuma ya milima ya Kongo.